Ukungu Usiofutika: Kisa cha Vioo vya Mashua Vilivyopanda Basi Hadi Nairobi

Karakana yetu iko Industrial Area, na riziki yetu ni mabango: herufi za maduka, vibao vya milango ya ofisi, masanduku ya kuonyeshea simu. Bahari iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Kazi ya mashua ilitufikia kwa sababu moja tu: mtu anayekata plastiki angavu kila siku huenda anajua pia namna ya kuing'arisha. Ninaisimulia kwa mafundi wenzangu na kwa wenye vyombo. Nimeondoa jina la mwenyewe, jina la chombo na mahali hasa kinapotia nanga. Waliohusika wamekubali isimuliwe, akiwemo yule kijana wetu aliyeunguza kidirisha. Yeye aliomba jambo moja tu, nisiseme anatoka mtaa gani.

Nitatumia neno "kioo" kwa mazoea ya watu, ingawa katika kisa hiki hakuna glasi hata kipande.

Usuli

Chombo ni mashua ya tanga ya faibaglasi, futi thelathini na kitu, iliyoundwa Ulaya miaka ya 1980. Mwenyewe anafanya kazi Nairobi. Sisi tulimzoea kwa jina la Nahodha, naye hakulikataa. Utotoni alikuwa akitazama vijimashua vya tanga pale Nairobi Dam, kabla magugu maji hayajalifunika bwawa. Siku hizi ukirusha jiwe pale linatua juu ya majani. Hamu yake ikamsubiri mpaka alipoweza kununua chombo kilichokuwa tayari kimepita mikononi mwa watu wawili, akakiweka katika hori moja kati ya Mtwapa na Kilifi. Huenda huko wikendi akipata nafasi, kwa treni au kwa basi la usiku.

Vioo tulivyopewa kushughulikia vilikuwa saba. Kulikuwa na mfuniko mkubwa wa sitaha upande wa omo, yaani mbele ya chombo, ule unaofunguka juu ya kitanda cha mbele. Mfuniko mdogo ulikuwa katikati, juu ya jiko. Ubavuni kulikuwa na vidirisha vinne vidogo vya kufungua, na mlangoni ubao mmoja wa plastiki angavu unaochomekwa usiku au mvua inaponyesha. Mbali na hivyo kulikuwa na vidirisha viwili virefu vya ubavuni vilivyogandishwa moja kwa moja kwenye faibaglasi, ambavyo hatukuvigusa.

Malalamiko yake yalikuwa mawili. Mchana, alisema, ukiwa chini ni kama umo ndani ya chupa ya maziwa. La pili lilikuwa zito zaidi. Usiku akilala kwenye nanga hakuweza kuinua kichwa na kutazama taa za ufukweni ili ajue kama nanga inashika au inaburura. Ilimbidi apande sitahani kila mara. Hilo la pili ndilo lililonifanya niikubali kazi, kwa sababu hapo suala si urembo.

Kilichofanyika kabla hatujaviona

Nahodha alikuwa amejaribu mambo manne, na alituambia matatu.

Kwanza alinunua dawa ya kupuliza ya kusafishia vioo vya madirisha, ile yenye amonia inayokereketa pua. Inafaa kwa glasi, ila kwa akriliki, moja ya plastiki angavu zinazotumika kama vioo, ni adui. Pili alitumia dawa ya meno, na ikasaidia kidogo. Dawa ya meno ni unga laini wa kusugulia, kwa hiyo haishangazi, lakini kwa eneo la nusu mita mraba utamaliza duka zima.

Tatu alipeleka ule ubao wa mlangoni kwa fundi wa taa za magari karibu na Kirinyaga Road. Mzee yule ana mkono mwepesi. Kwa muda wa chini ya saa moja alipiga msasa, akapiga polishi, na ubao ukatoka mweupe kama maji ya kisima. Nahodha alifurahi hadi akataka vyote saba viende huko huko. Kilichomzuia ni kwamba vingine bado vilikuwa ndani ya fremu zake, na mzee alisema yeye hafungui kitu ambacho hajui kukifunga. Ningependa kila fundi awe na adabu hiyo.

La nne nitalifikia.

Vipimo kabla ya msasa

Mzigo ulikuja kwa basi, vioo na fremu zake, vimefungwa blanketi mbili. Kule mashuani matundu yaliachwa yamezibwa kwa mbao na turubai. Tulianza kwa kutenganisha vioo na fremu za alumini. Silikoni kuukuu tuliikata kwa waya wa gita, watu wawili wakivuta huku na huku kama wapasua mbao. Kazi hiyo peke yake ilikula asubuhi nzima.

Halafu tukaacha zana chini tukavitazama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za namna hii huharibika kabla hazijaanza.

Ukungu wa plastiki ni mwanga uliopotezwa njia. Badala ya kupita moja kwa moja unagonga kitu na kutawanyika. Swali ni kitu hicho kiko wapi. Kinaweza kuwa juu kabisa: mikwaruzo ya chumvi, ya mchanga, ya nyayo na ya matambara makavu. Kinaweza kuwa kwenye utando mgumu ambao kiwandani hupakwa juu ya plastiki nyingine, nao huzeeka na kubambuka kama ngozi iliyoungua jua. Na kinaweza kuwa ndani, nyufa nyembamba mithili ya nyuzi za buibui zinazoingia kwenye kina cha kioo. Kwa mtu aliyesimama hatua tatu mbali, magonjwa haya matatu yanafanana kabisa.

Kipimo chetu cha kwanza kilikuwa glisirini, ile ya duka la dawa ambayo watu hupaka mwilini wakati wa baridi. Mwanga hupinda ndani ya glisirini karibu sawa na unavyopinda ndani ya akriliki. Vipimo vyake vya kupinda mwanga ni 1.47 na 1.49, wakati maji ni 1.33 tu. Ukipaka tone moja juu ya mkwaruzo, glisirini hulijaza shimo na mkwaruzo hutoweka machoni. Ukungu ukiondoka chini ya tone, ugonjwa uko juu na msasa utautibu. Ukibaki vile vile, ugonjwa uko ndani. Tone huoshwa kwa maji ya sabuni na kipimo hakijaharibu kitu.

Cha pili kilikuwa kujua plastiki yenyewe. Katika maduka ya Industrial Area kila plastiki angavu ngumu huitwa Perspex. Jina hilo ni la biashara, la akriliki ya Kiingereza ya miaka ya 1930, lakini huku kwetu limegeuka jina la ukoo mzima. Akriliki na polikaboneti ni vitu viwili tofauti. Uzito wake karibu ni ule ule, hivyo mizani haitakusaidia. Tulikwangua ukingo uliokuwa umejificha ndani ya fremu: akriliki hutoa chenga kavu zinazovunjika, polikaboneti hutoa unyoya mrefu unaojikunja. Kisha tulipeleka chenga nje, tukaishika kwa koleo na kuiwashia kiberiti. Akriliki iliwaka kwa utulivu, moshi kidogo, harufu tamu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Polikaboneti iligoma, ikatoa moshi mweusi, na kiberiti kilipoondolewa ikazima yenyewe.

Vidirisha vinne vilikuwa akriliki, na ukungu wake uliondoka wote chini ya glisirini. Mfuniko mdogo, kinyume na tulivyotarajia, ulikuwa polikaboneti. Bila shaka mmoja wa wenyewe wa zamani aliwahi kuubadilisha. Utando wake ulikuwa umebambuka kuzunguka kingo. Ubao wa mlangoni nao ulikuwa polikaboneti, ule ule uliokwisha kung'arishwa na mzee wa taa. Mfuniko mkubwa ulikuwa akriliki ya rangi ya moshi, unene milimita 10, na tone la glisirini halikuubadilisha hata chembe.

Tulipoumulika kwa tochi kutoka ubavuni, nyufa zilimetameta kwa maelfu. Nilichokiona mimi ni mpangilio wake: zilikuwa nzito zaidi katika mikupuo ya nusu duara, upana wa kiganja, moja baada ya nyingine.

"Nahodha, hapa palifutwa na nini?"

"Maji na sabuni, fundi."

"Maji hayaandiki hivi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema ni thina, ile ya kuyeyushia rangi. Kijana mmoja pale gatini alimwambia inatoa kila uchafu, na kweli siku ile kioo kilitoka kinang'aa. Mficha uchi hazai. Lau angelisema mwanzo tungeokoa siku mbili, maana nilikuwa nimekwisha kupanga kuusugua ule mfuniko kama mingine.

Vidirisha vinne, na harufu iliyotoka karakanani

Kazi ya vidirisha ilikuwa ya kawaida kwetu. Msasa wa maji namba 600, kisha 800, 1000, 1500, 2000, na mwisho 3000. Kila namba ilipigwa kwa mwelekeo unaokata ule wa namba iliyotangulia, ili mistari ya zamani ionekane na ijulikane imekwisha lini. Kabla ya kila namba tulichora mistari ya kalamu juu ya kioo. Ikifutika yote sawasawa, umepita kila mahali. Maji yalitiwa tone la sabuni na yalibadilishwa kila tulipobadilisha namba. Punje moja ya 600 ikibaki kwenye ndoo utaikuta kwenye 3000, nayo itakurudisha mwanzo. Tulihamia pia upande wa nyuma wa karakana, kwa sababu jirani yetu anachomelea vyuma na cheche zake hutua popote.

Mafundi wengi hupenda kuanza na 320 au 400 ili "wamalize haraka". Sikubaliani nao. Anza na msasa laini kuliko yote unaoweza kuondoa mkwaruzo uliopo. Kila namba kali uliyoianza bila sababu utailipa kwa jasho la namba nne zinazofuata. Kidirisha cha kwanza kilituchukua saa mbili na nusu, cha pili karibu saa moja na nusu.

Cha tatu nilimwachia kijana nikaenda kuchukua malipo ya mteja mwingine. Alifika kwenye hatua ya polishi, akaona drili yetu ina kasi ndogo, akachukua grainda na kuifunga pedi ya sufi. Grainda ndogo ya kawaida huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Akriliki hulegea ikipita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, na plastiki haisambazi joto kama chuma. Joto hubaki pale pale juu ulipolizalisha. Niliporudi, kilichonipokea mlangoni kilikuwa harufu.

Sehemu ya ukubwa wa sahani ya chai ilikuwa imeyeyuka na kukunjamana. Tulirudi hadi msasa wa 320, tukaanza upya namba kwa namba. Kidirisha kiliangaza tena, lakini hakikurudi kuwa bapa. Ukitazama mnazi kupitia hapo, unapinda kiuno. Nahodha aliambiwa siku hiyo hiyo na kazi ya kidirisha hicho hatukuitoza. Cha nne kilipigwa polishi kwa drili ya kasi ya kubadilisha, chini ya mizunguko 1,500, pedi ya sponji yenye unyevu, na mkono haukutulia mahali pamoja.

Mfuniko mkubwa: kusugua au kubadilisha

Hapa ndipo tulipobishana. Nahodha alitaka usuguliwe. Hoja yake ilikuwa ya pesa, na pia ya moyo. Kioo kile kilikuja na chombo kutoka kiwandani. Tukakubaliana kujaribu kona moja, kipande cha sentimita tano kwa tano. Tuliondoa karibu milimita moja nzima. Nyufa zilikuwa bado zipo, na tochi ilionyesha zinaendelea chini.

Nyufa za namna hii hazitokani na kukwaruzwa. Akriliki ikikaa na mkazo ndani yake, uliotokana na skrubu zilizokazwa mno, na kupanuka kwa jua, na kukanyagwa miaka na miaka, hubaki inangoja kisingizio. Thina na amonia ni visingizio vizuri sana. Ukizifuata kwa msasa utabaki na kioo chembamba chenye mabonde, kinachopotosha kila kitu kama miwani ya mtu mwingine. Isitoshe, mfuniko wa omo hukanyagwa na mtu anayeshusha tanga, na hupigwa na wimbi zima chombo kikizamisha pua. Kioo kilichojaa nyufa hukatika bila kuaga.

Nilimwambia wazi kwamba sitausugua hata akilipa mara mbili. Atafute fundi mwingine au anunue kioo kipya. Alilala na hilo usiku mmoja, akakubali.

Kununua kwenyewe kulikuwa na mtego wake. Akriliki iko ya aina mbili: ile iliyomiminwa kwenye kalibu na ile iliyosukumwa kwa mashine. Ya kumiminwa huvumilia kemikali na mkazo vizuri zaidi, ndiyo inayofaa sitaha. Wauzaji wawili walituonyesha shiti za rangi ya moshi za milimita 10, na wote wawili waliapa ni "ile nzuri". Tulipima unene kwa venia. Moja ilikuwa milimita 10 kamili kila mahali. Nyingine ilikuwa 9.6 hapa, 10.3 kule. Kwa mabango siku zote mimi huchagua ile ya kwanza. Siku hiyo tulichukua ile isiyo sawa, kwa sababu kutolingana huko ni alama ya kumiminwa.

Kioo tulikikata pungufu ya fremu kwa milimita 2 kila upande. Hesabu yake ni hii: kioo cha milimita 480, kikitoka nyuzi 20 za asubuhi ya Nairobi hadi nyuzi 60 juu ya sitaha mchana, hupanuka karibu milimita 1.3, wakati alumini ya urefu huo hupanuka 0.4 tu. Tofauti hiyo lazima ipate pa kukaa. Matundu ya bawaba na vishikio tuliyatoboa makubwa kuliko skrubu kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya kukata na kutoboa tulikiweka kwenye oveni yetu ya kukunjia plastiki, nyuzi 80 kwa saa sita, tukaizima na kukiacha kipoe humo humo hadi asubuhi ili mkazo wa kukatwa utulie.

Nahodha alikuwa amekuja na gundi yake ya poliyurethani aliyoipata kwa bei nzuri. Niliirudisha. Gundi nyingi za aina hiyo huhitaji praima na kukingwa jua zikishikishwa kwenye plastiki angavu, na baadhi hushambulia plastiki yenyewe. Silikoni ya kawaida yenye harufu ya siki nayo tuliikataa kwa kuwa hula alumini. Tulitumia silikoni isiyo na siki, ya kubebesha vioo vya majengo, tukaiacha wiki nzima. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi huchelewesha silikoni kukauka.

Mfuniko mdogo

Huu tuliutoa utando wote uliobaki, tukausugua na kuung'arisha, ukapendeza. Tatizo la polikaboneti ni kwamba ule utando ndio uliokuwa ukiikinga dhidi ya miale ya urujuanimno. Ukiuondoa, umevua koti mtu anayesimama juani. Kijana alipendekeza ile njia ya mvuke ya mafundi wa taa, ya kuchemsha kemikali kwenye kikombe cha umeme na kuipitisha juu ya plastiki. Inang'arisha kweli. Lakini inafanya hivyo kwa kuyeyusha uso, hivyo huacha mkazo, na mvuke wenyewe ni sumu kwa mapafu. Nilikataa.

Badala yake tulimpeleka Nahodha kwa mshonaji wa mahema, akamshonea vifuniko vya turubai vyenye kamba za kuvuta, kimoja kwa kila mfuniko wa sitaha. Vingeshonwa pia vya vidirisha na vya ubao wa mlangoni, lakini aliona gharama imetosha. Mshonaji huyo huyo ndiye aliyebadilisha ile plastiki laini ya kikinga-upepo juu ya mlango. Hiyo haisuguliwi, huchanwa na kushonwa mpya, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kufunga kule pwani

Sikwenda. Tulikuwa na mabango ya benki ya kumaliza. Vioo vilirudi kwa basi, mifuniko ikiwa tayari ndani ya fremu zake, na vidirisha vinne vikiwa vitupu pamoja na fremu na silikoni yake, ili vikafungwe huko. Nilimtumia fundi wa pwani maelekezo kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Alijibu kwa heshima: "Nimekuelewa, bwana fundi, usiwe na wasiwasi."

Alifuata karibu yote. Lakini kwenye kidirisha kimoja alikuta gundi kuukuu imeng'ang'ania fremu, akaifuta kwa thina, na papo hapo akaweka silikoni na kukifunga. Mvuke wa thina ulibaki umefungiwa kati ya silikoni na akriliki. Wiki chache baadaye nyufa zilianza kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Matokeo

Nilipewa picha na maelezo baada ya miezi kumi na minne, yaani chombo kilipokuwa kimepita mwisho wa kusi, kaskazi, masika na kusi nyingine.

Mfuniko mkubwa mpya hauna ufa na hauvuji. Mfuniko mdogo wa polikaboneti, uliokuwa ukifunikwa kwa turubai kila chombo kilipokuwa kimelala, bado ni angavu. Una mikwaruzo ya matumizi tu. Vidirisha viwili ni vizima, na kile cha mnazi unaopinda kiuno bado kinapinda. Kile kilichofungiwa thina kimebadilishwa. Ubao wa mlangoni, uliotoka kwa mzee wa taa umeng'aa kuliko vyote, ulianza kuwa wa manjano kabla ya mwezi wa tano na sasa ni mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Nahodha hupima nanga yake akiwa amelala. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa kazi.

Uchambuzi

Vipande viwili vya polikaboneti vilitupa jaribio ambalo hatukulipanga. Vyote viwili vilivuliwa utando, vyote viwili viling'arishwa vizuri, na vyote viwili vilikaa kwenye chombo kimoja chini ya jua moja. Kimoja kilikuwa na turubai, kingine hakikuwa nayo. Mkono wa fundi haukuwa na tofauti kubwa. Kama ulikuwa nayo, wa mzee wa taa ulikuwa bora kuliko wetu. Ningekuwa na nafasi ya kurudia kazi hii kwa bajeti nusu, ningeanza na mshonaji wa mahema, msasa ungefuata.

Kwa mzee yule sina lawama. Taa ya gari hurudi kwake baada ya miezi michache na mteja halalamiki, kwa kuwa ndivyo taa zilivyo. Lililokosekana ni mtu wa kumuuliza kitu hicho kitakaa wapi, na yeye hakuwa na sababu ya kubahatisha bahari.

Glisirini na kiberiti vilifanya kazi kubwa kuliko mashine zetu zote. Bila hivyo tungesugua mfuniko mkubwa siku nzima na kuurudisha ukiwa mzuri machoni na dhaifu miguuni. Hata hivyo tulivitumia baada ya kutenganisha fremu, na hilo lilikuwa kosa la mpangilio. Tone la glisirini lingeweza kuwekwa kule kule horini, kioo kikiwa mahali pake, na mfuniko mkubwa usingehitaji kusafirishwa. Vipimo vyake na fremu tupu vingetosha.

Makosa mawili makubwa yalikuwa yangu. Kijana hakuwa amewahi kuambiwa kwa nini tunatumia drili; alikuwa ameambiwa tu tumia drili. Mtu aliyeambiwa sababu haoni kasi ndogo kuwa kasoro ya mashine. Siku hizi kila anayeanza kwetu hupewa kipande cha akriliki cha taka akiunguze kwa grainda kwa makusudi, ainuse ile harufu, ndipo aendelee.

Kosa la pili ni ule ujumbe wa sauti. Dakika nne za maneno, na thina nimeitaja mara moja, katikati, kati ya skrubu na mpira wa kuzibia. Fundi wa pwani alisikiliza mara moja akiwa juu ya chombo kinachoyumba. Thina ndiyo iliyoharibu mfuniko wa kwanza, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikiandika mikupuo yake kwenye kioo, na bado sikuiweka mwanzo wala sikuiandika. Sasa kila kioo kinachotoka hapa kina kibandiko ukingoni kwa herufi kubwa: AKRILIKI, THINA MARUFUKU. Kwa polikaboneti tunabadilisha neno la kwanza tu.

Kuhusu gharama, kioo kipya pamoja na kukikata na kukioka kilifikia karibu mara mbili ya bei ambayo ningemtoza kuusugua ule wa zamani. Nahodha alinung'unika wakati ule. Ukihesabu kwamba vidirisha vinne vilitumia takribani saa tisa za kazi, na zaidi ya saa mbili kati ya hizo zilikuwa za kurekebisha kuungua, utaona kuwa kusugua nako si rahisi kama watu wanavyodhani.

Vile vidirisha viwili virefu vilivyogandishwa kwenye faibaglasi bado viko mahali pake, na bado vina ukungu. Nahodha anauliza kama vitoke kabla ya kaskazi ijayo. Kuvitoa kunaweza kupasua kingo za faibaglasi, kwa hiyo sitaki kujibu kwa kubahatisha. Nimemwambia anunue chupa ya glisirini, aweke tone kwenye kila kimoja, anipigie picha kutoka ndani jua likiwa nje. Chupa ameshanunua. Picha naisubiri.